Elfu 25 Hazijileti: Maneno kwa Vijana na Wazee wa Walukuba

Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya Siku ya Wazee Duniani, Walukuba, Jinja, Uganda.

Mwenyekiti wa baraza letu la mtaa (LC), diwani wetu wa wazee, sheikh wetu, mchungaji, akina mama wa timu ya afya ya mtaa (VHT), vijana wa bodaboda mliozima pikipiki mkaja kusikiliza, na juu ya wote wazee wangu mlioketi hapo mbele: hamjambo. Poleni na jua. Naona turubai limeishia safu ya tatu, na wazee wa safu ya nne wanachomwa. Vijana, wasogezeeni viti, nitangoja.

Ahsanteni. Sasa tuendelee.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuwasaidia wazee. Kwanza niwatoe wasiwasi: sitasema "penye wazee haliharibiki neno". Methali hiyo tumeisikia kila tarehe 1 Oktoba tangu siku hii ilipoanza kuadhimishwa mwaka wa 1991. Tunaisema, tunapiga makofi, wazee wanapewa soda na kipande cha sabuni, picha zinapigwa, kisha jioni Jajja, bibi au babu yetu, anarudi nyumbani kwenye bahasha yake ambayo hakuna mtu aliyemfungulia. Mimi nimekuja kuzungumza juu ya bahasha hiyo.

Wengi wenu mnaijua kazi yangu. Nilikuwa ofisi ya maendeleo ya jamii mpaka nikastaafu, na sasa nazunguka na mkoba uliojaa karatasi za watu. Katika kuzunguka huko kuna jambo limeniingia kichwani na halitoki. Tumezoea kufikiri kwamba kumpa mzee fedha ni kazi ya serikali, kumpa ushauri ni kazi ya wanasheria, na kukaa naye tupige soga ni kazi ya wajukuu na watu wa kanisani au msikitini. Si hivyo. Ni kazi moja. Mzee asiyetembelewa haipati haki yake hata ikiwa imeandikwa katika sheria. Na mzee anayetembelewa bila mtu kuuliza habari za karatasi zake, huyo katembelewa nusu.

Nitawapa mfano, jina naliacha. Kuna bibi upande wa Masese, kule wanakoanika mukene, dagaa wa ziwani. Kijana wa jirani alikuwa akimpelekea maji, kazi ya kawaida tu, anatua madumu mlangoni anaondoka. Siku moja bibi akamwambia, "Mjukuu wangu, ingia, nitafutie dawa yangu ya presha, macho yamenishinda." Dawa zilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kijana akamimina vyote juu ya mkeka: vidonge, vifungo vya nguo, risiti za kodi ya kichwa za marehemu babu zilizofungwa kwa uzi, kadi ya taifa, na kadi ya ubatizo iliyochakaa pembe zote. Kijana huyu ana macho. Akaona kadi ya taifa inasema bibi alizaliwa mwaka wa 1951. Kadi ya ubatizo inasema 1944.

Mnaelewa maana yake? Bibi huyo amepita miaka 80. Mgongo umeinama, magoti hayakunjuki. Lakini kwa serikali bado ni msichana. Kila mara majina ya wazee wa kulipwa na serikali, wa miaka 80 na kuendelea, yalipopelekwa, mashine ilimkataa, naye akaambiwa "ngoja zamu yako". Akangoja. Hakumlalamikia mtu, kwa sababu watu wa rika lake walifundishwa kwamba ofisi ikisema ngoja, unangoja.

Kosa lilitokea wapi? Mwaka wa 2014 watu walipoandikishwa kwa wingi kwa ajili ya kadi za taifa, foleni zilikuwa ndefu, na makarani walikuwa vijana wenye haraka. Karani akauliza, "Ulizaliwa mwaka gani?" Bibi akajibu, "Mwaka siujui. Najua Malkia alipokuja kufungua bwawa nilikuwa nimeshaanza kubeba maji." Karani huyo hakuwa mtu wa Jinja, bila shaka, maana mtu wa Jinja angejua amepewa jibu kamili. Malkia Elizabeth alifungua bwawa la Owen Falls tarehe 29 Aprili 1954. Mtoto wa kike anayebeba maji kutoka ziwani ana miaka minane, tisa, kumi. Toa hesabu hiyo, unafika pale pale kwenye kadi ya ubatizo. Karani akakisia, akaandika, akaita "Anayefuata!"

Kwa hiyo, vijana, somo la kwanza ni hili: msimuulize mzee mwaka aliozaliwa. Muulizeni alikuwa wapi. Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, alipopelekwa Uingereza mwaka wa 1953 ulikuwa umeanza shule? Aliporudi 1955? Siku ya Uhuru, 9 Oktoba 1962, ulikuwa umeolewa, au bado uko kwa wazazi? Amin alipochukua nchi Januari 1971 ulikuwa na watoto wangapi? Na hapa kwetu Jinja kuna swali ambalo kila mzee analijibu bila kufikiri: Wahindi walipoondoka 1972, duka gani mtaani kwenu lilifungwa, na wewe ulikuwa unafanya kazi gani? Andika majibu yote kwenye karatasi moja. Majibu hayo peke yake hayatabadilisha kadi, NIRA, watu wa vitambulisho vya taifa, wanataka vithibitisho. Lakini yatakuonyesha pa kuvitafuta: daftari la parokia, cheti cha ndoa, kadi ya kazi ya kiwanda, barua ya LC, na mwisho hati ya kiapo. Ukifika kaunta na mzee na karatasi hizo zimepangwa, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa. Akifika peke yake na fimbo yake, ataambiwa arudi wiki ijayo.

Wala msidhani bibi wa Masese yuko peke yake. Mwaka wa 2021 mashirika ya haki za binadamu yalitoa ripoti kuhusu watu wanaokosa huduma kwa sababu ya kadi ya taifa, na wazee wenye miaka iliyoandikwa vibaya walikuwamo wengi tu. Mwaka uliofuata jambo hilo likapelekwa mahakamani. Mimi sina ugomvi na kadi. Kadi ni kitu kizuri, inazuia majina hewa. Ugomvi wangu ni pale kadi inapoaminiwa kuliko uso wa mtu aliyesimama mbele yako.

Sasa hizo fedha zenyewe. Tunaziita SAGE, au hela za wazee. Zilianza kwa majaribio katika wilaya chache, Kyenjojo, Kiboga, Katakwi, Nebbi na nyinginezo, malipo ya kwanza yakitoka mwaka wa 2011. Wakati huo alikuwa anapokea mtu wa miaka 65, na Karamoja miaka 60, kwa sababu maisha ya kule huzeesha mapema. Serikali za Uingereza na Ireland zilichangia. Ilipoamuliwa fedha zifike nchi nzima, katika mwaka wa fedha wa 2020/21, umri ukapandishwa hadi miaka 80. Kiasi ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na kwa kawaida hulipwa miezi kadhaa kwa mpigo.

Miaka 80! Nitasema ninavyoona, na mheshimiwa diwani atanisamehe. Umri huo uliwekwa kwa kuangalia mfuko, haukuwekwa kwa kumwangalia mzee. Katiba ya 1995, katika yale malengo ya taifa yaliyoandikwa mwanzoni kabisa, inasema dola itaweka utaratibu wa kufaa wa kuwatunza wazee. Sera ya wazee ya 2009 inasema mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Kati ya 60 na 80 kuna miaka ishirini, na watu wengi wa mtaa huu hawaimalizi. Suala la kushusha umri limejadiliwa Bungeni mara nyingi, kwa hiyo kila mwaka wa fedha unapoanza mwezi wa Julai, mtu mmoja kwenye kila zone awe na kazi ya kwenda kumuuliza afisa wa maendeleo ya jamii: mwaka huu umri ni upi, na mwisho wa kuandikisha ni lini? Msitegemee tetesi za kijiweni.

Na 25,000 hizo ni nini? Wapo wanaocheka. Mfanyakazi wa ofisini anazimaliza kwa chakula cha mchana siku mbili. Lakini mimi nimekaa na wazee siku ya malipo. Bibi anapokea za miezi mitatu, anatoa za sukari, anatoa za daftari la mjukuu, ananunua kuku jike mmoja, na zinazobaki anafunga kwenye pindo la gomesi. Jioni majirani wanakuja kuazima chumvi kwake, naye anatoa. Mtu ambaye jana alikuwa anaomba, leo anaombwa. Hilo si jambo dogo kwa mtu wa miaka 80.

Siku ya malipo ina vituko vyake. Mikono iliyoshika jembe na kufua nguo za watu kwa miaka hamsini, alama za vidole zimelainika kama kioo cha taa ya kandili. Mashine inasoma, inakataa. Inasoma tena, inakataa. Mzee anafuta kidole kwenye sketi, anajaribu tena, foleni nyuma inaguna. Kama vidole vya mzee wako vimeshakataa mara moja, msingoje vikatae mara ya pili. Nendeni ofisini kabla ya siku ya malipo, mwulize utaratibu wa mtu wa kumpokelea, aandikwe rasmi. Na huyo mpokeaji awe mtu ambaye mzee mwenyewe amemtaja, mbele ya mashahidi. Asiwe yule aliyejitokeza kwanza na kujitolea kwa sauti kubwa. Huyo mwangalieni vizuri.

Nikiwa hapo hapo: hakuna malipo ya kuandikishwa. Hakuna "mafuta ya pikipiki ya ofisa". Hakuna "asilimia ya mwenyekiti". Mtu akimwambia Jajja aache elfu tano mezani ndipo jina lake lipande, huyo ni mwizi, hata kama ana kitambulisho shingoni. Na simu ya mzee nayo ni mfuko. Kuna wajukuu humu wanaijua namba ya siri ya simu ya nyanya yao kuliko wanavyojua tarehe ya kliniki yake. Nimemaliza hapo, anayejijua anajijua.

Wale ambao hamjafika 80, msidhani hakuna chochote. Kuna ruzuku ya vikundi vya wazee wa miaka 60 hadi 79, inapitia ofisi hiyo hiyo ya maendeleo ya jamii. Kikundi lazima kiwe kikundi kweli, chenye watu, daftari na mradi, kisiwe orodha ya majina iliyoandikwa usiku mmoja. Halafu kuna PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi uliozinduliwa Kibuku mwaka wa 2022. Katika fedha zake asilimia 10 imetengewa wazee. Wazee wangapi katika parishi yetu wamezichukua? Muulizeni chifu wa parishi, muulizeni hadharani, ni haki yenu.

Lakini hapa nitawapa ushauri ambao wanasiasa hawapendi niutoe. PDM si zawadi. Ni mkopo wa hadi shilingi milioni moja, una riba ya asilimia 6 kwa mwaka, na siku moja utadaiwa. Mzee wa miaka 74 mwenye kisukari akiambiwa afuge nguruwe, nani atakata majani? Nani atakesha nguruwe akizaa? Kama kuna mjukuu wa kukata majani, vizuri, andikeni. Kama hakuna, tafuteni kitu kinachofanyika mtu akiwa ameketi: kuku wachache uani, kuuza mkaa kwa kopo, kuanika na kupima mukene. Na nimeona hili mara nyingi mno: mpwa anamleta shangazi yake kuweka kidole gumba, fedha zinatoka, baada ya mwezi mpwa ana pikipiki na shangazi ana deni. Mtu wa karibu wa mzee, yule anayekaa naye na kumjua, ndiye wa kusimama hapo na kusema, "Shangazi, hii ni ya nani?"

Walukuba yetu ina jambo ambalo vijijini halipo. Mtaa huu ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Watu walikuja kutoka Tororo, Arua, Kisumu, Kigezi, wakaingia viwanda vya nguo, bwawani, kwenye reli, na kwa kuwa kila mtu alikuja na lugha ya kwao, tukapatana kwa Kiswahili. Ndiyo maana leo nazungumza nanyi hivi na mzee wa Kijaluo na bibi wa Kilugbara wananielewa pamoja. Wazee hao walikatwa mishahara kwa ajili ya uzee wao. Wengine walikuwa watumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya zamani, reli na posta, na ilipovunjika 1977 karatasi zao zilitawanyika Nairobi, Kampala na kwingine. Baadhi walilipwa, baadhi walilipwa kidogo, na wapo waliozeeka wakiwa wanafuatilia. Nawaombeni kitu kimoja juu ya kundi hili: msiwape matumaini ya uongo. Kila baada ya muda hutokea mtu mwenye suti anayekusanya elfu ishirini ishirini "za wakili". Hakikini kwanza ofisini kwa serikali kama kuna madai yaliyo wazi. Wajane wa wanajeshi nao wanawindwa vivyo hivyo, na madalali wao ni wakali zaidi, maana wanajua majina ya kambi na ya makamanda.

Kwa wale waliostaafu utumishi wa umma, walimu hasa: pensheni yako ni ya maisha. Ukifariki kabla ya kutimia miaka 15 tangu ustaafu, familia yako ina haki ya kupokea mpaka miaka hiyo 15 itimie. Wajane wangapi wanalijua hili? Nimekutana na mjane wa mwalimu ambaye alizika, akalia, akauza mbuzi kulipa deni la mazishi, na hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa na miaka tisa mbele yake ya kulipwa. Majirani walimletea ndizi na maharage kwa ukarimu kabisa. Hakuna hata mmoja aliyeleta swali.

Na nyinyi vijana mnaofanya kazi viwandani: mwajiri anatakiwa akukate asilimia 5 na yeye aongeze asilimia 10, ziende NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na tangu sheria ilipobadilishwa 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja hasalimiki. Kaangalie kwenye simu yako kama kweli zinaingia. Unajiandalia uzee wako mwenyewe.

Ardhi na urithi nitapita haraka, ingawa ndiko wazee wengi wanakoumia. Mtu akifa bila wosia, sheria ya urithi iliyorekebishwa 2022 inampa mjane, mume au mke, asilimia 20 ya mali, watoto 75, wategemezi 4, na mrithi wa kimila 1. Nyumba waliyokuwa wakiishi haiguswi, mjane anakaa. Kwa hiyo shemeji akija na kufuli siku ya arobaini, mwambieni aende nayo mahakamani. Ardhi ambayo familia inaishi haiuzwi bila ridhaa ya mke au mume. Na wazee wangu, wosia si uchuro. Andikeni mkiwa na akili timamu, mashahidi wawili wasiokuwa warithi, na mtu mmoja ajue karatasi iko wapi. Mzee asiyetaka kutaja kifo nyumbani kwake huwaachia wanawe kesi ya miaka kumi.

Sasa nimefika kwenye kutembelea, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu watu hudhani hiki ndicho kipande chepesi.

Tunao mfano mkubwa Kampala, pale Nalukolongo, nyumba ya Mapeera Bakateyamba iliyoanzishwa na Kadinali Emmanuel Nsubuga mwaka wa 1978. Masista wa Msamaria Mwema wanawatunza wazee wasio na mtu. Papa Francis alipokuja Uganda Novemba 2015 alikwenda kuwaona. Kazi nzuri, nawaheshimu. Lakini nyumba kama hizo ni za kuhesabu, na wazee tunaowajua hawataki kuhama. Wanataka kubaki hapa wanakojua sauti ya kila mlango. Basi ni sisi.

Kutembelea kuna namna yake. Usiende mikono mitupu, lakini usiende na mfuko mkubwa kama mgombea ubunge. Utamfanya aone aibu. Sukari robo inatosha, au muhogo. Usisimame mlangoni ukiuliza "Jajja, hujambo?" huku injini inaunguruma. Ingia, keti chini yake, si juu yake. Mbele ya mzee asiyesikia vizuri usipige kelele. Kaa anapouona mdomo wako na useme polepole. Mwache akupe kitu. Hili vijana hamlijui. Mzee anayepokea tu kila siku anachoka kuliko anayebeba mzigo. Akikupa chungwa, ulile. Akikuambia habari za Nytil, kile kiwanda cha nguo, ilipokuwa ikifanya kazi usiku na mchana na king'ora kikilia zamu inapobadilika, uliza king'ora kilikuwa kikilia saa ngapi. Ukijua kucheza mweso, ule mchezo wa bao, cheza naye, na usijifanye umeshindwa. Atajua, atakudharau.

Na usipige picha.

Ukiwa umeketi, macho yafanye kazi. Jiko lina majivu ya leo au ya juzi? Dawa za presha zimebaki ngapi, na kliniki ni lini? Vituo vya serikali viliacha kutoza ada mwaka wa 2001, lakini Jajja anakwenda kituoni pale Walukuba, anaambiwa dawa zimeisha, anarudi nyumbani na kuamini kwamba zimeisha moja kwa moja. Mtu wa VHT angemwambia siku zinazofika. Anamimina chai nje ya kikombe? Huenda ni mtoto wa jicho, na hilo linafanyiwa upasuaji, mtu anaona tena. Si uzee, si kurogwa. Amekuuliza jambo moja mara tatu ndani ya saa moja? Mwambie binti yake kwa upole, asianze kumkaripia. Ana alama mkononi asiyotaka kuieleza? Hapo usinyamaze. Nenda kwa mwenyekiti, nenda polisi kitengo cha familia. Wapo wazee wanaopigwa na watoto wao wenyewe katika mtaa huu, na wapo walioitwa wachawi ili kiwanja chao kipatikane. Tunawajua. Tunawasalimia waliofanya hivyo.

Angalia pia nani mwingine anaishi mle ndani. UKIMWI uliwaacha wajukuu wengi mikononi mwa nyanya zao, na hadi leo kuna nyumba ambamo mtu wa miaka 75 ndiye baba na mama wa watoto wanne. Jajja wa namna hiyo hana haja ya kuchangamshwa, ana kelele za kutosha. Anahitaji mtu wa kwenda kumwakilisha kwenye kikao cha shule, na mtu wa kumkalia na watoto asubuhi moja ili aende kliniki.

Wazee wangu, nanyi nina neno kwenu. Toeni karatasi chini ya godoro. Mwonyesheni mtu mmoja mnayemwamini. Najua mmeibiwa, najua mmedanganywa, ndiyo maana mmezificha. Lakini karatasi iliyofichwa vizuri haimsaidii mtu. Na mna uwakilishi, utumieni: tangu 2021 wazee wana wabunge 5 Bungeni, na katika kila halmashauri kuna madiwani wawili wa wazee, mwanamume na mwanamke. Wetu huyu hapa. Asiondoke leo kabla hamjamuuliza habari za majina yaliyorudishwa.

Basi kazi ianze. Akina mama wa VHT wana orodha ya wazee wanaoishi peke yao, zone kwa zone. Imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya LC. Kijana achukue jina moja. Moja tu, na liwe la mzee aliye karibu na kwake, maana ukichukua wa mbali utakwenda mara mbili na mvua itakupa sababu ya kuacha. Meza ya kulia ni ya kadi zenye makosa, ya kushoto ni ya pensheni na NSSF, na mimi nitakuwa hapa katikati na wajane. Aliyekuja na karatasi azitoe sasa, asiye nazo aseme ziko wapi twende kesho. Halafu Jumanne tunawapeleka wazee NIRA, tutoke hapa saa moja asubuhi kabla foleni haijawa ndefu. Wenye pikipiki watakaobeba mzee bila nauli, kwenda na kurudi, wanyooshe mikono niwaandike.